Bwana Mifugo Aliyenishikisha Saa

Jambo la kwanza alilonifundisha Bwana Mifugo lilikuwa kunyamaza, na anayenijua mimi anajua hiyo ilikuwa kazi. Nauza chai, supu na chapati Kabuku, kando ya barabara ya Segera kwenda Chalinze, na biashara hiyo haiendi kwa mdomo uliofungwa. Siku lori la ng'ombe lilipolala ubavu karibu na banda langu, wanyama wakiwa wamebanana ndani wanalia, sisi tuliokimbilia kusaidia tulikuwa tunapiga kelele kuliko wao. Akatokea mzee mrefu, amevaa mabuti ya mpira juani, akanisogelea sikioni kama mtu anayeagiza supu.

"Mama, wanakusikia," akasema. "Punguza sauti."

Nikapunguza. Wenzangu hawakupunguza, maana walikuwa wamekuja na visu na ndoo. Hapa nieleze kwa asiyetujua. Kwetu wengi ni Waislamu, na mnyama akifa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi. Kwa hiyo ng'ombe akianguka, huruma yetu ya kwanza ni kumwahi kwa kisu kabla roho haijatoka. Si uroho wala si ukatili. Lakini katika kuwahi huko tunawachinja na wale ambao wangesimama wenyewe wakipewa nusu saa. Siku ile alichinjwa hata mwekundu mmoja ambaye hakuwa na mchubuko. Alikosa tu pa kukanyaga. Mzee alimtazama mpaka mwisho, kisha akaja bandani kwangu akaagiza chai, ikapoa mbele yake.

"Yule mwekundu alikuwa mzima," akasema.

"Mzee, kila mtu aliona."

"Sasa mbona?"

Nikampa chapati. Hivyo ndivyo tulivyojuana.

Alikuwa amestaafu kazi ya serikali, lakini cheo hakikumwacha. Wafugaji, watoto wa shule, hata mkewe alipokuwa hai, wote walimwita Bwana Mifugo. Jina lake nalijua, ila likitamkwa naona kama anazungumziwa mtu mwingine.

Katika utumishi wake wote alipelekwa semina moja tu aliyoipenda. Ilikuwa ya kuwafundisha watu wa zimamoto na uokoaji namna ya kuwatoa wanyama wakubwa kwenye ajali, mashimo na matope. Alirudi na kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa cha farasi watupu: farasi mtoni, farasi kwenye mtaro, farasi ananing'inia kwenye mikanda kama nguo iliyoanikwa. Wilaya yetu nzima ya Handeni hatuna farasi. Bwana Mifugo alikuwa akifunika kichwa cha farasi kwa kiganja na kutuambia, "Hapa weka pembe. Hapa ondoa maringo. Mnamwona sasa? Huyu ni maksai wa Kwedizinga." Ukimuuliza kuhusu punda alisema mwache farasi kama alivyo, mwongezee ubishi.

Darasa lake lilikuwa uwanja nyuma ya ghala bovu la mkonge. Siku ya kwanza tulikuwa kumi na wawili: askari wawili wa uokoaji walioruhusiwa na mkubwa wao, mgambo, waendesha bodaboda, mzee mmoja aliyekuwa na bucha, na mimi. Mimi alinichukua kwa sababu ajali nyingi hutokea karibu na banda langu. Alisema nitafika wa kwanza, nipende nisipende. Alishona magunia akayajaza mchanga na makapi ya mkonge mpaka yakafikia ukubwa wa ng'ombe, akayapa miguu minne ya mipira. Ng'ombe huyo wa magunia tulimwita Mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa mzito na hashirikiani na mtu. Mheshimiwa tulimtoa kwenye shimo mara zisizohesabika, na kila mara Bwana Mifugo alituambia tumemuua.

"Mmemfunga wapi?"

"Shingoni, mzee."

"Kafa. Mrudisheni shimoni."

Shingo hapana, mguu hapana, mkia hapana. Alikuwa na mpira mpana wa zimamoto uliotoboka, akatufundisha kuupitisha chini ya kifua, nyuma ya miguu ya mbele, ili uzito ugawanyike. Mnyama afunikwe macho kwa kitambaa, aseme mtu mmoja tu, wengine kimya. Maneno hayo aliyasema kwa upole wa ajabu kama ng'ombe yupo. Ng'ombe akiwa hayupo, tukawa tumebaki sisi na ujinga wetu, alitutukana vizuri sana. Alituita magogo yenye macho. Mwendesha bodaboda mmoja aliacha darasa kwa sababu ya neno hilo, na sikumlaumu.

Lakini akili yake niliiona kwenye suala la kisu. Yeye alikuwa Mkristo wa kambi za mkonge, alijua kabisa kwamba akisimama kutuambia habari za kibudu ataambiwa hayamhusu. Hakutubishia. Akamteua mzee wa bucha, mtu anayeswali swala tano na kuheshimiwa na kila mtu, awe mshika kisu. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na kichwa cha mnyama, mgongo kamgeuzia, kisu kimefungwa kitambaani. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuwa na kisu. Watu wakimwona pale, wanatulia, kwa sababu nyama haitapotea. Wakitulia wao, sisi tunapata nafasi ya kufanya kazi.

"Kisu kipo," Bwana Mifugo aliwaambia watu. "Kinangoja zamu yake."

Mimi akanipa saa. Mshika saa hagusi kamba, hasukumi, hachimbi. Anaangalia muda mnyama alipolala, anauandika mkononi kwa kalamu, na kila nusu saa anasema, "Mgeuze." Basi. Nilikuwa na simu yenye saa nzuri tu, lakini akakataa. "Simu utaitia mfukoni usahau. Mkono huusahau." Akatueleza kwamba mnyama mkubwa hauliwi na shimo peke yake, anauliwa na uzito wake mwenyewe. Akilala ubavu, hewa ya tumboni haipati pa kutokea, na mguu wa chini unakufa ganzi. Akitoka tu, mkalishe kifuani, mwegemezee magunia, kisha umhamishe upande huu na huu mpaka asimame.

Niliichukia kazi ile, nisiseme uongo. Wenzangu wanavuta, jasho linawatoka, wanasifiwa, mimi nimesimama na kalamu kama mwalimu wa zamu. Siku moja nikamwambia usoni kwamba amenipa kazi ile kwa kuwa mimi ni mwanamke, tena mfupi.

"Nimekupa kazi ambayo mwingine ataiacha," akanijibu.

Mtu huyu alikuwa na mambo yake yasiyopatana. Aliwaogopa punda. Mmoja aliwahi kumng'ata begani, akabaki na alama, na tukiitiwa punda aliyetumbukia mtaroni alitupa maelekezo yote akiwa mbali, nyuma ya mti. Alihubiri utulivu, lakini akiendesha pikipiki yake sisi tulifumba macho. Alipenda nyama kupita kiasi. Kila asubuhi akiwa Kabuku alikunywa supu ya kongoro bandani kwangu mabakuli mawili, akaunyonya na mfupa. Na bado hakuna aliyewahi kumlisha nyama ya mnyama aliyekwenda kumwokoa. Alipewa paja, alipewa maini, akakataa vyote. Wafugaji walidhani ni dharau.

Sababu alinieleza siku ya mvua, tumekaa bandani hakuna wateja. Ilikuwa zamani, Kwashemshi, yeye bado mgeni kazini. Ng'ombe wa maziwa wa mama mmoja aliteleza kutoka kwenye tuta la shamba la mlimani akabanwa korongoni. Yeye ndiye mtaalamu, akaamuru kamba ifungwe shingoni, ikafungwa kwenye lori lililokuwa linapakia mboga. Lori likavuta.

"Alitoka?" nikauliza.

"Alitoka. Shingo ikiwa imevunjika." Akawa anazungusha kikombe. "Yule mama alinishukuru, unasikia? Akasema nimejitahidi. Akanifungia nyama kwenye majani ya mgomba nikaenda nayo nyumbani, tukaila. Ng'ombe aliyekuwa naye ni huyo mmoja tu."

Nikamwambia hiyo ilikuwa zamani na hakujua. Akasema ndiyo, hakujua, na ng'ombe naye hakujua kwamba yeye hajui. Kisha akalipuka kwamba chai yangu ina tangawizi nyingi mno.

Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu sehemu inayobaki ni ya mtu anayemwaga maji kwenye gunia. Askari wale wawili walihamishwa kabla hata hawajaijua vizuri kazi. Waendesha bodaboda wakaenda kutafuta maisha Dar. Mpira wa zimamoto aliuazimisha kwa siku moja kwa mtu wa kuvuta gari bovu, ukarudi vipande viwili. Mheshimiwa akaliwa na mchwa. Kila mara Bwana Mifugo alianza upya: anabembeleza ofisi impe watu, anapewa watatu, anawafundisha, wanaondoka. Barua zake aliziandika kwa mkono, mwandiko umenyooka kama wa mtoto wa darasa la nne, na majibu hayakuja. Wanyama tuliowaokoa walikuwepo, siwezi kukana. Lakini wote walitoka yeye akiwa pale, mkono wake umeshika mpira, sauti yake ndiyo inayosema. Hilo lilimtesa kuliko barua.

"Nataka mmoja tu," aliniambia. "Mnyama mmoja, mmtoe nyie, mimi sipo, asimame kwa miguu yake aende malishoni. Nikisikia hivyo nitapumzika. Sasa hivi nikifa, nakufa na ujuzi wote."

"Hufi leo, mzee. Kunywa supu."

Hakufa. Alipata kiharusi. Upande wote wa kulia ukapooza, binti yake akamchukua akakaa naye nyumbani kwake Korogwe, ng'ambo ya reli. Nilikwenda kumwona mara mbili. Aliongea neno mojamoja kwa shida, na kila mara neno la kwanza lilikuwa lilelile: "Mmoja?" Nikitikisa kichwa, anageuza macho ukutani. Nilikuwa narudi Kabuku nimekonda moyo.

Kiangazi cha mwaka huu malambo yalikauka yakabaki tope. Nikapigiwa simu asubuhi na mkulima wa Kwedizinga. Maksai wake mmoja wa plau amezama lamboni mpaka mgongoni. Nikafunga banda, nikamtafuta mzee wa bucha, tukachukua mgambo watatu na kipande kirefu cha mpira kilichobaki. Tulipofika majirani walikuwa wameshajipanga na visu. Mkulima yule ni mtu mzima, mwembamba, kanzu imelowa tope mpaka kifuani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Huyu ni wa kushoto," akasema. "Yule mwenzake ni wa kulia, hajui kwenda peke yake. Huyu akifa sina wawili, sina hata mmoja. Msimu huu ntalima na nini?"

Mzee wa bucha akasimama mahali pake, akamgeuzia maksai mgongo. "Kisu kipo," akawaambia majirani, na visu vingine vikakusanywa. Nikaandika mkononi: saa tatu na robo. Tukamfunika macho kwa khanga yangu. Tukachimba kwa mikono, tukamwaga maji kandokando ili tope liachie, tukapitisha mpira chini ya kifua kwa mti. Nilikuwa nasema peke yangu, kwa sauti ndogo, na watu wakanyamaza kweli. Sijui niseme nini juu ya saa zile ila kwamba nilimwona Bwana Mifugo kila mahali.

Mvuto wa mwisho mgambo mmoja aliteleza, mpira ukaanza kurudi. Nikachomeka kalamu kwenye kilemba nikaudaka. Nikavuta kama sijawahi kuvuta kitu. Maksai akatoka mzimamzima, akalala juu ya majani anahema, na watu wakapiga vigelegele mpaka mwenzake aliyefungwa mbali akaitikia. Nilikuwa nacheka na kulia. Nikapiga simu Korogwe, binti akaniwekea simu kwenye sikio la baba yake.

"Ametoka, mzee! Hupo, na ametoka! Mzima!"

Nikasikia sauti nisiyoielewa. Binti akachukua simu. "Analia," akasema. "Dada, analia na kucheka."

Tukaletewa mihogo ya kuchemsha na chai. Maksai alikuwa amelala ubavu, upande uleule tuliomvutia. Mgambo mmoja akauliza kama tumguse. "Mwacheni apumzike," nikasema, "kachoka." Nilisema mimi. Mkono wangu ulikuwa tope tupu, saa niliyoiandika haionekani, na kalamu iko kichwani, na mimi nilikuwa nasimulia nilivyoudaka ule mpira. Nilisimulia mara tatu.

Mke wa mkulima ndiye aliyeona. Adhana ya alasiri ilikuwa imeshatoka. "Jamani, mbona tumbo limepanda?" Tukakimbia. Lilikuwa limejaa, limekaza kama ngoma, ulimi nje. Tukajaribu kumkalisha kifuani, watu wanane, tukasukuma mpaka mikono ikatuishia nguvu, mguu wa chini umekufa. Macho yake yakaanza kugeuka. Mzee wa bucha, ambaye miaka yote ile sijawahi kumwona akigeuka, akageuka.

"Mwanangu," akaniambia, "nisubiri nini?"

Nikampa mimi mgongo. Nikasikia bismillahi.

Mkulima alinifuata nikiwa naosha mikono. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinipa ndoo ndogo yenye mfuniko. "Mpelekee mzee wetu kitoweo. Mmejitahidi sana, mwanangu. Ahsante."

Nyama ile sikuweza kuitupa, maana ni ya mtu aliyebaki na maksai mmoja asiyejua kwenda peke yake. Kuipika sikuweza. Kesho yake nikapanda gari la Korogwe na ndoo miguuni, nimepanga maneno, na maneno yote yalikuwa ya kuficha. Nitasema mkulima kachinja mbuzi wa shukrani. Nitasema maksai yupo malishoni. Kumdanganya mtu aliyepooza si kazi ngumu.

Binti alinipokea kwa furaha. "Tangu jana anakungoja, dada. Leo kanywa uji wote." Nikaingia. Bwana Mifugo alikuwa amelala kwa upande, kaelekea mlangoni, na nusu ya uso wake ilikuwa inacheka.

"Shikamoo mzee."

"Mmoja," akasema. Safari hii hakuwa anauliza.

Halafu akaiona ndoo. Nilikuwa nimeisahau mkononi. Akaitazama, akanitazama mimi, na maneno yangu yote niliyoyapanga yakanikauka. Yule mzee alikuwa amepewa ndoo kama ile maisha yake yote.

"Upande?" akauliza.

"Kushoto, mzee. Tulimlaza kushoto."

Akakusanya nguvu muda mrefu. "Saa?"

"Sikushika. Niliiacha, nikaenda kuvuta."

Akafumba macho, chozi likapita juu ya pua likaingia kwenye mto. Nikapiga magoti pale nikalia kwa sauti, mimi niliyefundishwa kunyamaza. Nilimwomba radhi yeye, nikamwomba na maksai, sikujali binti anasikia. Niliona nimemmaliza. Alichokuwa amebaki nacho nilimpa jana kwa simu, na leo nimekuja kukichukua.

Nilipoinua uso kuufuta ndipo nikaliona sikio lake. Lilikuwa limekunjika chini ya kichwa, jekundu, na shavu lina mistari ya shuka imezama kama makovu. Bega la chini limefinyangika. Alikuwa anahema kwa juu juu.

"Dada," nikamwita binti, "kalala hivi tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Alifurahi sana, akalala. Hata uji nimempa hivyohivyo na kijiko. Tumemwacha apumzike, kachoka."

Nikasimama. Nikamwambia ashike upande wa miguu. Akataka kumvuta baba yake mkono. "Mkono hapana," nikasema. "Shingo hapana." Nikapitisha shuka chini ya kifua chake na chini ya nyonga, nikalivingirisha kingo zikawa imara, nikamfunika macho kwa kiganja changu ili asiogope. Nikaongea peke yangu, kwa sauti ndogo. Tukamgeuza pole pole, tukamwegemezea mito miwili mgongoni. Ubavu aliokuwa ameulalia ulikuwa mwekundu mpaka kiunoni, sehemu moja ngozi imeanza kuachia. Binti akaziba mdomo.

Bwana Mifugo akavuta pumzi moja ndefu, iliyofika chini.

"Kalamu mnayo?" nikauliza. Binti akaniletea ya mtoto wa shule. Nikaandika mkononi, nikasogeza mkono karibu na macho yake ausome: saa nane kamili. Aliusoma kwa muda mrefu, kama anayesahihisha daftari.

"Usiache," akasema.

Binti akaitoa ndoo nje. Mimi nikavua viatu nikakaa chini kando ya kitanda, mkono nimeuweka gotini ninapouona. Saa nane na nusu nikasema, "Mgeuze," tukamgeuza.